Mwenye Nafasi Kwenye Trei Nyeusi

Mmeniganda tangu asubuhi, bibi tusimulie, bibi tusimulie, kama vile mimi sina mchele wa kuchagua. Haya, kaeni. Ila atakayeogopa kwenda chooni peke yake baadaye asiniite. Mimi si mlinzi wa mkojo wa mtu.

Palikuwa na mwanamke fundi cherehani, mkimya, mdomo umejaa pini kutwa nzima. Mumewe watu walimwita Nadhifu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa mtu wa kunyoosha shuka hali wewe bado umeilalia. Kijiko kikikaa upande, yeye halali. Walikuwa na binti mmoja, Kidoti, mdomo kama redio.

Sasa huyo Nadhifu alikuwa na kaka yake, mgawa karata kwenye nyumba za kamari. Kila nyumba ya kamari ilipofungwa, kaka mtu alinunua chipu zake. Si za viazi, acheni kulamba midomo. Ni zile duara ndogo za udongo mgumu ambazo wacheza kamari husukuma mezani badala ya pesa. Zina rangi, zina nembo, na duniani kuna watu wazima wenye ndevu zao wanaozililia kama mtoto anavyolilia pipi. Alizipanga kwa safu kwenye trei za plastiki zenye mifuniko, akazijaza chumba cha nyuma cha nyumba ya Nadhifu. Alipopata kazi nchi ya mbali, akamwachia mdogo wake amana.

"Jua lisiingie humu," alimwambia. "Plastiki laini usitumie, hutoa jasho ikala rangi. Mafuta usizipake. Na kila safu nimeiacha ipumue kidogo. Ukizibana, joto likija zinapinda."

Kisha akaweka kiganja juu ya trei moja, ya chipu nyeusi tupu. Mwishoni mwa safu yake palikuwa na nafasi ya chipu moja.

"Hii nafasi si ya hewa. Hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani, kaka? Panya?"

"Kwenye meza ya chipu hizi kulikuwa na kiti hakikaliwi na mtu. Siku nyumba inavunjwa, aliyekuwa akikikalia alizifuata chipu. Mwachie nafasi yake, hatakugusa. Usimzibie, mdogo wangu. Nakuomba."

Nadhifu akacheka mpaka akatoa leso. Fundi alikuwa mlangoni na pini zake mdomoni. Yeye hakucheka.

Mambo yakakaa kimya muda mrefu. Kisha siku moja fundi akachukua koti alilokuwa akimshonea Kidoti, koti la baridi lenye vifungo vyeusi vikubwa, akakuta kifungo cha juu hakipo. Hakikudondoka. Uzi ulikatwa kwa mkasi, safi kabisa, hata ncha zilinyooshwa.

"Baba Kidoti, umeona kifungo cha koti la mtoto?"

Mumewe alikuwa anafuta meza ambayo tayari ilikuwa inang'aa. "Kifungo gani? Labda kakimeza mwenyewe huyo. Si unajua anavyotia kila kitu mdomoni."

Alisema hivyo bila kugeuka. Na kutoka chumba cha nyuma kukasikika kitu kama mtu anayechanganya chipu kwa vidole, tara-ra-ra-ra, mara moja tu, kisha kimya.

"Panya," akasema Nadhifu, lakini kitambaa kilimdondoka.

Ikaanza harufu. Sigara, kwenye nyumba ambayo hakuna hata anayewasha udi. Fundi akafua mapazia, harufu ikabaki. Ikafuata ile ya jasho la wanaume waliokesha, na juu yake plastiki iliyoachwa juani. Wakikaa kula, kiti cha nne, kile cha wageni, walikikuta kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu aliyekaa na kukunja miguu. Nadhifu alikirudisha kila mara. Kila mara wakigeuka, kimevutwa tena.

Kidoti naye akapunguza maneno. Mtoto aliyekuwa hanyamazi hata akitafuna, akawa anajibu kwa kichwa. Fundi akamwambia atoe ulimi, akamtazama koo, hakuona kitu. Akamsogelea usoni, na pumzi ya mwanawe ikamnukia sigara.

Mchana mmoja mvua ilinyesha kubwa, umeme ukakatika, nyumba ikaingia giza la saa ambayo si ya giza, na fundi akiwa kwenye cherehani yake akasikia tena ule mlio, tara-ra-ra-ra, akaacha kukanyaga pedali, akasikiliza, akadhani unatoka chumba cha nyuma kama siku zote, akaenda mpaka mlangoni akatega sikio, kumbe chumba kimya kama kaburi na mlio uko nyuma yake, ukumbini, kwenye mkeka alipomlaza mtoto alale kidogo, akarudi akipapasa ukuta na kila hatua mlio unakaribia, akapiga magoti, akaweka mkono kwenye shavu la Kidoti, na chini ya kiganja chake akahisi taya la mtoto likienda, meno yakigongana moja baada ya jingine kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, kwa ustadi, kwa raha, kama vidole vya mtu aliyeizoea meza.

"Mama," Kidoti akanong'ona katikati ya mlio, macho kayafumba. "Kuna mtu amekaa ndani. Anasema kabanwa."

Hapo fundi akatema pini zote.

Alimpigia simu shemeji yake. Shemeji hakumsalimia hata. "Nani amejaza ile nafasi?" aliuliza. Kisha akamwelekeza kwa mganga.

Mganga alikuja kabla jua halijatua, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anakohoa. Nadhifu, msimcheke, akamwambia avue viatu. Mzee akavua. Akanusa.

"Nani anavuta sigara humu?"

"Hakuna," fundi akajibu kwa sauti ya chini.

"Basi mwenyewe yupo." Akakaa kando ya mtoto. "Mwenzetu, nani kakufukuza kwako?"

Meno yakagonga. Sauti ikatoka kooni mwa mtoto, nzito, ya mtu asiye na haraka. "Muulize msafi."

Wote wakamgeukia Nadhifu.

"Mimi? Mimi sijagusa kitu!"

Ka! Jino la mbele la Kidoti likavunjika. Damu ikachuruzika kidevuni.

"Sema ukweli, bwana," mganga akamwambia. "Kila ukikana anamng'ata mtoto kwa ndani."

"Nimesema sijui! Trei ni za kaka, muulizeni kaka!"

Ka! La pili. Na pumzi ya mtoto ikaanza kukatika, kifua kinapanda, hakishuki. Fundi akamshika mumewe shingo ya shati, lile shati lililopigwa pasi, akalikunja ngumi mbili.

"Baba Kidoti, anakufa! Sema!"

"Nilitaka kuiuza ile trei!" Nadhifu akalia. "Mnunuzi alitaka safu iliyojaa. Sikuwa na chipu ya kujazia, nikakata kifungo cha koti... nikakipenyeza, nikasema mtoto kakimeza. Na huyo mnunuzi hata hakuja kuichukua!"

"Ukamzibia mlango kwa kifungo cha mwanao," mganga akasema, "na mtoto ukamsingizia kameza. Ulimwonyesha njia ya kumwingia."

Wakaileta trei. Kifungo kilikuwa kimeyeyukia kwenye plastiki, na chipu zote nyeusi zimepinda kama kucha za maiti. Mganga akatikisa kichwa. Nafasi ile hairudi tena.

"Mtoto hana kosa," akamwambia aliyekuwa ndani. "Toka. Utapewa nafasi nyingine."

"Ya nani?"

Mzee akamtazama Nadhifu. Nadhifu akamtazama mwanawe, midomo imeanza kuwa ya bluu. Haya, nisimnyime haki yake: safari hii hakuchelewa.

"Yangu," akasema. "Chukua yangu."

Kiti cha mkuu wa nyumba, mezani, kikavutwa nyuma taratibu. Kidoti akapiga chafya, akalia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji.

Nadhifu hakufa, wala hakuugua. Anaishi nyumba ileile. Ila hula jikoni amesimama, maana kiti chake kina mtu, na hulala sakafuni kwenye chumba cha nyuma, maana fundi akilala huhisi upande wa mumewe godoro limebonyea na lina joto, wala hathubutu kunyoosha mkono. Kila asubuhi Kidoti hutoka na begi lake la shule, anampita babake aliyesimama na sahani mkononi kama anavyopita ukuta, anasimama mbele ya kile kiti kitupu kinachonuka sigara, anatabasamu na pengo lake.

"Shikamoo, baba," anasema.

Na kutoka kwenye kiti anaitikiwa.