Sindano ya Bibi Stara

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti, saa nane mchana, upepo wa Dodoma ukisukuma vumbi chini ya mlango wa darasa. Khairat, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa peke yake na mazabodi, ule ubao mkubwa unaochomekwa vifaa vyote vya kompyuta. Haukuwa ubao wa kawaida. Ulikuwa wa wapenzi wa kompyuta zenye nguvu, mzito, umevikwa vyuma vya kupunguza joto. Dada Aneth, muuzaji wa duka la mjini, aliuleta akiiweka kazi yake kuwa dhamana ili wanafunzi waupime na kuandika kama unaifaa shule.

Mwalimu Optatus alikuwa amekataza usiguswe mpaka arudi. Lakini Khairat alitaka awe wa kwanza kuuwasha. Alipojaribu kupachika prosesa, ambayo ndiyo akili ya kompyuta, ikamponyoka. Kati ya mamia ya pini za ubao, nyembamba kama nywele, moja ikalala. Akafunika haraka. Kwenye karatasi ya tathmini akaandika: "Ubao umeletwa ukiwa mbovu."

Nyumbani kwao Majengo alimsimulia Babu Makame hivyo hivyo. Tangu mkewe, Bibi Stara, afariki miaka mitatu nyuma, hakukuwa na baya ambalo babu hakuwatwisha wakubwa. Maji yakikatika, wakubwa. Zabibu zikioza shambani, wakubwa. Bibi mwenyewe, alisema, aliuawa na uzembe wa wakubwa wa zahanati. Na si kwamba alikosa ushahidi: chumba cha kompyuta kiliahidiwa Khairat akiwa darasa la pili, na hadi leo ni kuta bila bati.

"Watoto wao wanapata vizima, ninyi mnaletewa vibovu," alisema babu. "Kesho nakwenda mwenyewe. Huyo muuzaji hatalala na kazi."

Akatwaa kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akaikung'uta vumbi. Kofia ile ilikuwa kazi ya bibi. Khairat akazikumbuka jioni za zamani: bibi kibarazani, redio aliyoitengeneza babu ikiimba polepole, sindano ikizama na kuibuka. Tundu moja likienda kombo, bibi alifumua safu nzima. Hakulaumu uzi wala sindano. Alicheka tu, akasema mkono wake ndio uliokosea, akaanza upya.

Ugali ukamshinda.

"Babu, ubao ulikuja mzima. Mimi ndiye niliyeuharibu."

Babu hakugomba. Aliiweka kofia mezani, akaingia chumbani na kutoka na kopo la sindano za marehemu.

Asubuhi Khairat alisema kweli mbele ya darasa zima. Joel akamnong'oneza, "Hongera, mhandisi," na wenzake wakacheka. Dada Aneth hakucheka; aliusogeza ubao mbele ya babu, aliyekuja na Khairat. Babu akaweka jichoni lenzi yake ya enzi za kutengeneza redio, akainyanyua ile pini kwa ncha ya sindano, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Prosesa ikapachikwa. Kompyuta ikawaka.

Khairat akaandika upya: "Ubao ni imara na una kasi sana. Kwa shule inayochapa mitihani tu, ni kama kukodi lori kubeba mche mmoja wa sabuni. Pini moja niliipinda mimi."

Walipokuwa wakivuka reli kurudi nyumbani, babu alisema, "Wakubwa wana makosa yao, mjukuu wangu, na tutawaambia. Lakini kosa la mkono wako ukimtwika mwingine, halinyooki. Linabaki limepinda humo humo ndani. Bibi yako alilijua hilo. Mimi nimejifunza kwako."

Walipofika ng'ambo ya reli, Khairat akasimama. Kisha akauliza jambo alilolificha miaka mitatu.

"Babu, Jumatatu bibi alisema kifua kinambana. Mbona ulimpeleka zahanati Ijumaa?"