Neno Lililo Chini ya Kistari

Asubuhi za Manzese, mvua nyepesi ikinong'ona juu ya mabati, Widad hupiga pasi vitambaa huku baba yake, Mzee Thuwaini, akikata magauni. Pasi ikipoa, hufungua kompyuta. Humo ana ukurasa ambao wateja huutazama kwenye simu, wakachagua kitambaa. Vitambaa hubadilika, naye hubadilisha maneno yanayovitaja.

Ila ukurasa ulikuwa ukimfia mikononi. Siku moja alifuta "zambarau", akaandika "kijani". Ukurasa mzima ukawa mweupe.

"Umezimika tena?" baba yake aliuliza, pini mdomoni.

"Nautengeneza, Baba."

"Jana ulinijibu hivyo hivyo. Wateja wananipigia, wanadhani tumefunga duka. Ukizimika kesho, kompyuta hiyo inakwenda kwa mjomba wako kule Goba. Sie tulishona kabla ya kompyuta kuja."

Widad aligeukia kompyuta. Dukani pale, ukurasa ule ndio kazi pekee aliyoianzisha mwenyewe. Alikitazama kistari cha kuandikia, kile kinachoonyesha kwenye skrini herufi itaingia wapi. Kiliwaka, kikafifia, kikawaka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Zuena, jirani anayeandika programu ofisini, aliingia kuchukua gauni lake. Akaona uso wa binti ulivyosawijika, na ukurasa mweupe mbele yake.

"Hebu badilisha neno moja nione."

Widad alishika kipanya, akaburuta juu ya neno. Likageuka buluu, na alama ya nukuu iliyolifuata ikamezwa pamoja nalo.

Zuena akacheka. "We mtoto wa fundi kweli! Unaacha nafasi ya kushonea!"

Widad akacheka pia. Tangu udogo mkono wake ulizoea kukata nje kidogo ya mstari wa chaki.

"Nguo inataka nafasi, mdogo wangu. Neno halitaki. Nukuu ndizo zinaiambia kompyuta maandishi yanaanzia wapi na kuishia wapi. Ukifuta moja, kompyuta inapotea na ukurasa unazimika. Achana na kuburuta."

"Sasa nitalishikaje neno?"

"Weka kistari ndani yake, popote. Programu hii ya kuandikia inafundishika. Tuiambie: nikibonyeza kitufe hiki, chagua neno lililo chini ya kistari. Nikibonyeza tena, chagua yote yaliyo kati ya nukuu."

Wakaandika maagizo hayo kwenye mipangilio. Widad akaweka kistari kwenye "hariri laini", ndani ya neno la kwanza, akabonyeza. "Hariri" ikajaa buluu. Akabonyeza tena. Buluu ikatambaa taratibu, ikazifikia nukuu, ikasimama bila kuzigusa. Kelele za barabarani zikawa mbali, kama zinatoka mji mwingine.

Kesho yake alibadilisha vitambaa vyote. Ukurasa ukabaki hai.

Mzee Thuwaini alikuja akasimama nyuma yake. "Na mie nijaribu."

Akabonyeza kwa kidole kigumu. Neno likawaka. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Linajua mpaka wake," alisema polepole.

Kisha akasukuma meza yake ya kukatia, iliyokuwa dirishani, ikakaa pembeni.

"Njoo ukae hapa dirishani, mwanangu. Huko gizani utaharibu macho."