Jibu Andika kwa Nota

"Mwalimu Lukasi, usikate simu."

Lukasi alikuwa amepiga magoti sakafuni, chumbani kwake Mikindani, akipanga makaratasi ya nyimbo kwenye sanduku la bati. Namba hakuijua. Sauti aliijua kabla neno la kwanza halijaisha, ingawa hakuwa ameisikia kwa miaka minane.

"Sikati, Helena."

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Nimeambiwa unahama."

"Jumatatu. Uhamisho umetoka. Bandari ya Mbamba Bay, kule kwetu."

"Umehamishwa, au umeomba mwenyewe?"

"Nimeomba."

Upande wa pili cherehani ikalia kidogo kwa mbali, ikanyamaza.

"Basi njoo uchukue karatasi yako kabla hujaondoka."

"Karatasi gani?"

"Ile uliyonipa mwaka tisini na saba. Ile isiyo na maneno."

Lukasi akaketi kitandani.

"Itupe," akasema.

"Ningeweza kuitupa ningeshaitupa. Nipo kibandani kwangu mpaka saa kumi."

Simu ikakatika. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mwaka 2005, na Lukasi alikuwa na siku mbili tu za kubaki Mtwara.

Mchana alikuwa karani wa bandari, anahesabu magunia ya korosho. Jioni alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa. Msimshangae, watunzi wetu ndivyo walivyo. Aliwahi kwenda mkutano wa watunzi akawakuta askari magereza, bwana mifugo, sista mmoja anayefuga kuku, na mwalimu wa hesabu anayetunga akiwa anasahihisha madaftari. Aliyesomea muziki na kula kwa muziki alikuwa mmoja tu, Innocent kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akitunga hata nyimbo za kutangaza sabuni. Huyo Innocent alipitia karatasi za Lukasi, akacheka.

"Ndugu yangu, hii sauti yako ya pili kuna mtu unamwandikia. Wengine huwa tunaijaza tu."

Alikuwa amemgundua. Mtu huyo alikuwa Helena, binti wa Kimakonde aliyetokea Newala, fundi cherehani pale Rahaleo, Mtwara mjini, na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa la hapo, aliyoifundisha Lukasi. Sauti nzito, tamu, isiyoyumba. Kila wimbo mpya ulipogawiwa, Helena alisogea mbele na karatasi yake mkononi, akasema, "Nianzishie kidogo, Mwalimu." Lukasi angeimba mstari mmoja, naye Helena angeupokea wote bila kosa. Lukasi alilipenda hilo neno nianzishie kuliko salamu zote za mji ule.

Lakini mdomo ulikuwa mzito. Mbele ya kwaya alikuwa simba, alifoka, alitoa watu nje. Mbele ya Helena peke yake, alikuwa anaulizia bei ya vifungo. Basi aliporudi kutoka kwenye ule mkutano akaona autume muziki umsemee. Alikuwa na wimbo wake wa komunyo, na sauti ya pili ilikuwa na mstari huu: Nifungulie, nikae kwako siku zote. Akachukua karatasi safi, akaandika nota za mstari ule peke yake, zile herufi zetu d, r, m, f, s, l, t na vikoma vyake. Maneno hakuandika hata moja. Mtu mwingine asingeona kitu, ila Helena angeimba moyoni na kuelewa. Chini yake akaandika: Jibu andika kwa nota.

Siku tatu baadaye Helena akampa bahasha. Mkono ulimtetemeka, na Lukasi akaona hiyo ni dalili njema. Akakimbia nyumbani, akafungua, akaimba.

Ulikuwa wimbo wake mwenyewe wa mazishi. Ule ambao marehemu anawaambia wanaomsindikiza: Usinifuate, nakwenda peke yangu.

Mtu kachukua wimbo wako akakuzika nao ukiwa hai! Lukasi hakuuliza kitu. Aliacha kumsalimia Helena, na baada ya wiki mbili akaiacha kwaya ya Rahaleo, akapanga chumba Mikindani, kwenye nyumba kuukuu ya mawe. Kila siku alikwenda bandarini kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli. Jikoni alikuwa na sufuria moja, sahani moja na kikombe kimoja. Kuna wiki aliagana na wenzake bandarini Ijumaa, na mtu wa kwanza kuzungumza naye baada ya hapo alikuwa mlinzi wa getini, Jumatatu. Alitunga nyimbo thelathini na moja katika miaka hiyo. Sauti ya pili alikuwa anaijaza tu.

Sasa, baada ya ile simu, akachukua bahasha ya Helena, akaitia mfuko wa shati, akapanda baiskeli.

Kibandani alimkuta Helena kwenye cherehani, na bi Rehema, mama wa makamo, akiwa amekaa benchini akingoja gauni lake la shughuli. Helena alikuwa amenenepa kidogo na alivaa miwani. Kidoleni hakuwa na pete. Lukasi alijikaripia kwa kutazama.

"Karibu, Mwalimu. Kaa."

"Sikai. Nipe hiyo karatasi."

Helena akaitoa kwenye kopo la vifungo. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika.

"Na yako hii hapa," Lukasi akasema, akaiweka bahasha juu ya meza. "Kila mtu abaki na maneno yake, tusidaiane."

"Maneno gani?"

"Helena, mimi si mtoto. Ulinijibu, nikakuelewa. Sijakulaumu."

"Ulielewa nini?"

"Kwamba nisikufuate."

"Mimi? Nilisema hivyo lini?"

Lukasi akaona anachezewa. Akatoa karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha, na pale pale mbele ya bi Rehema akaiimba, nota kwa nota, kwa sauti ya mtu aliyeimba jambo hilo mara nyingi akiwa peke yake.

Helena akavua miwani.

"Huo si wimbo wa msibani?"

"Ndio."

"Ule tulioimba tukimzika mzee Mikaeli?"

"Huo huo. Uliuandika kwa mkono wako, na mwandiko wako naujua."

Helena akaweka mkasi chini polepole. Akatazama mikono yake.

"Lukasi," akasema, na hakutanguliza Mwalimu. "Mimi nota sizijui."

"Huzijui namna gani?"

"Sizijui. Sikuwahi kuzijua. Nikitazama naona herufi tu."

"Ulikuwa huimbi kosa hata moja!"

"Kwa sikio. Ukianzisha, nashika. Kwa nini unadhani kila siku nilikuwa nakuja na nianzishie?"

"Nilidhani unaipenda sauti yangu."

"Nilikuwa naipenda. Lakini kwanza nilikuwa naihitaji."

Bi Rehema akajisogeza mbele kwenye benchi.

"Sasa ukaandika nini kwenye jibu?" Lukasi akauliza.

"Wewe ulimtoa Agnes. Ulisimama mbele yetu ukasema asiyesoma nota kufikia Pentekoste hataimba kwaya yako, na Agnes akatoka analia. Wiki ile ile unaniletea karatasi ya nota tupu, jibu andika kwa nota. Nikajua ni mtihani. Sikulala. Nikachukua karatasi iliyokuwa juu ya nyingine, tulikuwa tumetoka kumzika mzee Mikaeli, nikanakili herufi za mstari wa kwanza, maneno wala sikuyatazama. Hata vikoma nilivipanga vizuri."

"Mungu wangu."

"Ukaacha kunisalimia. Ukahama. Nikasema basi, amegundua. Ameona aibu kunitoa mbele za watu, ameamua atoke yeye. Nikarudisha sare. Sijaimba tena."

"Hujaimba tena kwaya?"

"Sijaimba popote. Hata jikoni."

Lukasi akatafuta mahali pa kukaa, bi Rehema akampisha. Kutoka Mikindani hadi Rahaleo ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli ukijivuta, na miaka minane hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Na ile amri ya Pentekoste aliitoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akijiona mwalimu kwelikweli.

"Na yako ilikuwa inasema nini?" Helena akauliza. "Ndicho nilichokuitia. Sikutaka uondoke kabla sijajua nilishindwa swali gani."

Lukasi akaishika ile karatasi iliyochanika. Akaanza kuimba nota zake, chini chini. Hakufika mbali. Kwenye nota ya tano Helena akaudaka mstari, na maneno yake, kwa sauti yenye kutu ya kutotumika:

"Nifungulie, nikae kwako..."

Akaishia hapo. Machozi yakamtoka.

"Kumbe ulikuwa unaniposa."

"Kwa herufi?" bi Rehema akauliza.

"Kwa herufi, mama," Lukasi akajibu.

Helena akajifuta kwa kipande cha kitambaa, na machozi yalipokwisha hasira ikapanda.

"Unajua kutunga sauti nne, Lukasi, ukashindwa kutumia yako moja? Nina mdomo, nina masikio, nilikuwa nakaa pale pale. Ungeniuliza tu! Nimezeeka kwenye kibanda hiki nikidhani mimi ni mjinga uliyemkimbia!"

Lukasi akasimama, kofia mkononi.

"Nataka nikuoe," akasema. Akasikia jinsi maneno yalivyo mepesi, akakasirika zaidi na nafsi yake. "Nilitaka wakati ule, nataka na leo. Nina miaka arobaini na mitatu, nina mvi, nina kinanda kibovu. Ukikataa nitapanda basi Jumatatu. Ila safari hii nikatalie kwa mdomo."

Helena alivaa miwani, akavuta gauni la bi Rehema chini ya sindano, akaanza kushona.

"Helena?"

"Nimekaa miaka minane. Na wewe subiri upindo uishe."

Cherehani ikakimbia. Upindo ulikuwa mrefu, gauni lenyewe la marinda.

"Mwanangu," bi Rehema akasema, "mie hata nikienda na kanga radhi. Mjibu mwenzio."

Helena alimaliza, akakata uzi kwa meno, akalikunja gauni, akampa mwenyewe. Ndipo akaivuta ile karatasi ya mwaka tisini na saba, akatafuta penseli kwenye kopo la vifungo, na chini ya maneno Jibu andika kwa nota akaandika kwa herufi kubwa: NDIYO.

"Hiyo soma tu," akasema. "Usiiimbe."

Kuiondoa barua ya uhamisho kulimgharimu Lukasi wiki tatu na kuomba radhi ofisi mbili. Walifunga ndoa Januari, Agnes akiwa msimamizi wa bibi harusi. Lukasi alirudi kuifundisha kwaya ya Rahaleo, na amri ya nota haikusikika tena.

Asubuhi ya Pasaka kwaya ilisimama na sare mpya. Lukasi alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya siku hiyo, na safari hii sauti ya pili hakuijaza. Alipoinua mikono akapitisha macho safu kwa safu, kama kawaida yake. Helena alikuwa katikati ya sauti ya pili, ameikazia macho karatasi yake kwa makini kuliko wote. Alikuwa ameishika kichwa chini, miguu juu.

Lukasi alimgeukia kidogo, akaimba mstari wa kwanza polepole, kumwanzishia, kisha akahesabu moja, mbili.