Laini Iliyokatwa Lizaboni

Kila jioni, akishaosha vyombo na kuwamwagia nguruwe pumba, Oliva alibaki na kazi moja aliyoichukia kuliko zote: kuita watu. Mama yake, Eufrasia, ambaye mtaani walizoea kumwita Mama Oliva, alikuwa na kibanda cha simu pale Bombambili, mjini Songea. Simu yenyewe ilikuwa moja tu, nene kama kipande cha sabuni ya mche. Baba yake Oliva aliinunua kwa kiinua mgongo chake, ushirika wa mazao ulipoyumba na yeye akapunguzwa kazi. Kisha akamwachia mkewe kibanda, akaenda kulima mahindi Namtumbo.

Simu hiyo moja ndiyo iliyokuwa simu ya mtaa mzima. Kila mwenye ndugu wa mbali alimpa ndugu yake namba ya Mama Oliva. Ikilia, mama alipokea, akasikiliza, kisha akageuza shingo.

"Oliva! Kimbia kamwite Mzee Pankrasi! Mwanawe atapiga tena sasa hivi."

Basi Oliva aliacha mchezo wa rede, aliacha hesabu, aliacha hata ugali wa moto, akakimbia huku amenuna. Mtaa mzima ulikuwa na ndugu, na ndugu wote walikuwa na maneno mengi. Yeye alikuwa na miguu miwili tu.

Mtandao nao ulikuwa wa kubembelezwa. Ulishika mahali pamoja tu, mlangoni, penye msumari, na hapo ndipo simu ilipotundikwa ndani ya kifuko cha kitambaa. Aliyetaka kuzungumza alisimama chini ya msumari huo, shingo upande, akipiga kelele mpaka wapita njia wakajua habari zake zote. Nyuma ya simu mama alibandika plasta na kuandika namba kwa wino, ili wateja waisome.

"Kwenu mnaongea na msumari," Judica alimwambia siku moja darasani. Baba yake Judica alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Songea, na simu yake ilikuwa ya kampuni mpya, ile iliyosimamisha mnara mtaa wa Lizaboni. "Sisi tunaongea hata tukiwa chooni."

Darasa zima la sita likaangua kicheko. Oliva alirudi nyumbani kwa hasira.

"Mama, tuhamie kampuni mpya," alisema kabla hata ya kuvua sare.

"Redio imesema kampuni yetu inaboresha mnara wake. Tuvumilie kidogo."

"Tumevumilia mpaka tunachekwa!"

"Wacheke. Hiyo kampuni yako mpya inafika wapi? Mjini hapa. Ukivuka mto tu, kimya. Na mtu wa mtandao huu akimpigia wa mtandao ule, salio linayeyuka. Mtandao hauchaguliwi kwa uzuri wa fulana wanazogawa, mwanangu. Siku tukihama, watu wote watajua kwanza. Nimemaliza."

Oliva hakuwa amemaliza. Jumamosi, mama alipokwenda kwenye sala ya jumuiya na kumwachia kibanda, muziki ulivuma kutoka Lizaboni. Kampuni mpya ilikuwa imeleta gari dogo lenye spika mbili kubwa, na vijana wenye kofia walikuwa wakicheza juu yake. Oliva alichomoa simu kwenye kifuko, akafunga kibanda, akatimua mbio. Safari hii hakuna aliyemtuma.

"Leta laini ya zamani!" kijana mmoja alinguruma kwenye kipaza sauti, mkononi ameshika mkasi wa fundi cherehani. "Tunakata, tunatupa, unavaa fulana! Laini mpya bure, na salio ndani!"

Oliva alinyoosha simu. Kijana aliifungua, akaichomoa laini, akaiinua juu watu waione, kisha kap! Vipande viwili vikaanguka ndooni. Watu wakashangilia. Oliva alishangilia pia, tena kwa nguvu kuliko wote, akimfikiria Judica.

Wala hakuwa na wasiwasi kuhusu namba. Yeye, kama wengi mtaani wakati ule, aliamini kwamba namba ni mali ya simu, kama namba ya baiskeli iliyogongwa kwenye fremu. Si ilikuwa pale mgongoni, kwenye plasta? Laini aliiona kuwa kitu kama betri: ikichoka, unaweka nyingine. Kama angeuliza, angeambiwa. Lakini mwenye kufanya jambo kwa kuiba hana nafasi ya kuuliza.

Fulana aliificha chini ya godoro. Simu aliirudisha kwenye kifuko, na vijiti vyote vya mtandao vilikuwa vimesimama.

"Unaona sasa!" mama yake alifurahi alipoongea bila kupiga kelele. "Si nilikwambia wanaboresha mnara?"

Oliva aliitikia kwa kichwa. Macho ya mama hayakuyapata vizuri maandishi madogo, kwa hiyo kazi ya kununua na kukwangua vocha ilikuwa ya Oliva. Hakuna aliyejua kuwa sasa vocha zilikuwa za kampuni nyingine.

Tangu siku hiyo simu ilipigwa kwenda nje vizuri sana, lakini yenyewe ililia kwa nadra. Oliva akafaidi. Alimaliza hesabu zake, akala ugali ukiwa wa moto. Hakuona ubaya wowote mpaka Sefu, fundi cherehani aliyetoka Kilwa, aliporudisha simu akiwa amekunja uso.

"Oliva, mama yangu ananilaumu. Anasema akipiga namba yetu haipati, na leo ameona nimempigia kwa namba ngeni. Mmebadilisha namba?"

Hapo Oliva alielewa. Namba ilikuwa ya laini, si ya simu. Angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, mama alikuwa pale nyuma anapanga sabuni, na Sefu alikuwa mtu mpole.

"Ni mambo ya mnara, mjomba," alisema. "Wanaboresha. Itarudi."

"Haya, inshallah," Sefu akaitikia, akaenda zake.

Sefu angalau aliweza kumpigia mama yake. Mtu ambaye hakuweza kumpigia mtu yeyote alikuwa Mama Hironimus, jina lake Theodosia, mjane muuza maandazi wa nyumba ya pili. Mtoto wake mmoja tu, Hironimus, alikuwa amekwenda kuchimba madini huko kaskazini. Hakuwa na simu. Kila Jumapili aliazima simu ya yeyote aliyemkubalia huko, akapiga kibandani, na Theodosia akawa tayari amekaa kwenye benchi na kitenge chake cha misa. Ni yeye Hironimus tu aliyeweza kuanza kupiga. Namba ya Mama Oliva ndiyo kamba pekee iliyowaunganisha.

Jumapili ya kwanza Theodosia alikaa mpaka jua likageuka.

"Ni mnara, mama," Oliva alimwambia. "Wanaboresha."

Jumapili iliyofuata alikaa tena, maandazi ameyaacha kwa jirani. "Bado tu wanaboresha?" aliuliza, akimtazama Oliva usoni.

"Bado, mama."

Siku chache baadaye Theodosia alikuja asubuhi, bila beseni la maandazi. Macho yalikuwa mekundu. Watu waliotoka huko machimboni walikuwa wamemwambia kuwa shimo moja limeporomoka. Majina ya waliofukiwa hawakuyajua.

"Mama Oliva," alisema, "nisindikize kwa paroko. Nataka kuandikisha misa ya marehemu. Mwanangu hajawahi kuacha kunipigia. Mimi ni mama yake, najua."

Oliva alikuwa anafunga kamba za viatu vya shule. Akaziachia.

"Usiende," alisema. "Mama Hironimus, usiandikishe misa. Anapiga. Labda anapiga kila siku. Ni mimi."

Akasema yote: gari, mkasi, fulana, vocha, mnara. Mama yake alimsikiliza mdomo wazi, kisha akainua mkono. Theodosia akaudaka.

"Usimpige," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na ilitetemeka kwa hasira. "Ukimpiga atalia, nasi tutamhurumia. Mimi sitaki kumhurumia. Mtoto huyu ameniona nimekaa hapa jua kali, ananiambia mnara!"

Shule haikwendeka siku hiyo. Wote watatu walishuka mjini mpaka ofisi ya kampuni ya zamani. Kijana wa mapokezi, Anord, aliwasikiliza huku akichezesha kalamu.

"Laini tunaweza kutoa nyingine yenye namba ileile," alisema. "Mnayo ile kadi kubwa ambamo laini ilichomolewa?"

"Mchwa wameila," Mama Oliva alijibu.

"Basi nitajuaje kwamba namba ni yenu? Kila siku watu wanakuja hapa kuiba namba za wenzao. Nitajieni namba mlizokuwa mkipiga mara kwa mara, nilinganishe na kompyuta."

"Mimi napigia watu wachache. Namba nyingine ni za wateja."

"Basi waleteni hao wateja," alisema Anord, akageukia kazi nyingine. "Halafu huo mnara mnaousema, tulishamaliza kuuboresha tangu wiki iliyopita. Hata jikoni mtashika."

Oliva aliinamisha uso. Uongo wake haukubaki hata na pa kujificha.

Nje ya ofisi mama yake alimshika bega. "Utawaita wewe," alisema. "Ila leo, kila mlango, kabla hujamwita mtu utamwambia ulichofanya. Usipunguze neno."

Oliva alikimbia mpaka Bombambili, na hapo akajua kwamba kuita watu kote alikokuchukia kulikuwa kazi nyepesi. Mzee Pankrasi alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliposikia, alilitupa panga chini.

"Kwa hiyo mwanangu ananipigia, na mimi nakaa hapa namlaani kwamba amenisahau? Nimemlaani, wewe mtoto! Nani atayarudisha yale maneno?"

Oliva alikimbilia mlango wa pili. Sefu yeye hakupiga kelele. Alisimamisha cherehani, akachukua koti.

"Niliuliza," alisema. "Nilikuuliza vizuri kabisa." Oliva aliona heri angepigiwa kelele.

Mlango kwa mlango aliyasema yaleyale. Wengine walimtukana, wengine walimfungia mlango kisha wakatoka wamevaa viatu. Mchana walijaa ofisini, wamefura, kila mmoja akitaka kusema wa kwanza. Sefu aliitaja namba ya mama yake wa Kilwa kwa kichwa. Mzee Pankrasi, ambaye hakujua kusoma, aliitaja ya mwanawe tarakimu kwa tarakimu, macho ameyafumba kama anasali. Anord alikuwa akibonyeza na kutikisa kichwa: ipo, na hii ipo, na hii pia.

"Sasa hii namba nimwandike nani hasa?" aliuliza mwishowe.

"Andika Bombambili!" Mzee Pankrasi alifoka. "Unatuchelewesha bure!"

Anord aliandika jina la Mama Oliva, akatoa laini.

Kesho yake saa za mchana simu ikalia. Theodosia alikuwa hajabanduka kwenye benchi tangu asubuhi. Mama Oliva alimpa simu mkononi, na sauti ya kiume ikafoka mpaka Oliva akaisikia kutoka ndani.

"Mama! Ni wewe? Kila siku napiga, kila siku hupatikani! Nimekwisha kuaga kazini, nauli nimekopa, nakuja kukuzika!"

"Unizike mimi?" Theodosia naye alifoka, amesimama. "Nani kakwambia nimekufa, mpumbavu wewe? Mimi ndiye nilikuwa naenda kukuandikishia misa! Uko mzima? Miguu yote? Mikono yote?"

"Nipo mzima, mama."

Theodosia akakaa chini, pale pale vumbini, akalia bila kuficha uso. Mama Oliva alilia naye. Oliva alisimama pembeni, amekunja mikono, hakuthubutu kusogea.

Baada ya kuikata simu, Theodosia alijifuta kwa ncha ya khanga, akamwita.

"Njoo hapa. Nitasema mara moja tu. Kukata laini ulifanya kwa kutojua. Wengi hapa tulidhani namba inakaa kwenye simu, hata mimi. Kosa la kutojua dawa yake ni kuuliza, na hili lako lingetengenezwa siku ileile Sefu alipokuuliza. Lakini ulidanganya ili usigombezwe, na ule uongo ndio uliomzika mwanangu akiwa hai. Umeelewa tofauti?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Shika hili pia," mama yake akaongeza, bado uso umekunjamana. "Ukitaka kubadilisha kitu kinachotumiwa na wengi, waambie kwanza hao wengi. Kampuni ziko nyingi, na siku moja huenda tukahama. Tutahama sote tukijua."

"Nimelisikia ombi lako la msamaha," Theodosia alisema, akichukua beseni lake. "Bado nina hasira, na sitakudanganya kwamba sina. Wewe niamkie tu kila siku. Nitaitikia siku nitakayoweza."

Oliva alimwamkia asubuhi iliyofuata, njiani kwenda shule. "Shikamoo, mama." Theodosia aliendelea kugeuza maandazi. Alimwamkia tena kesho yake, na kesho kutwa, mbele ya wateja waliokuwa wakitazama, na kila mara hakujibiwa. Alitamani kupita njia ya nyuma, lakini hakupita.

Jumapili, watu walipokuwa wakitoka misani, alimwona Theodosia kwenye ngazi za kanisa. Baridi ilikuwa kali. Oliva alimsogelea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Theodosia alimtazama, kisha akalitazama sweta lake lililofunguka vifungo.

"Marahaba," alisema. "Funga sweta, utaugua."