Chumvi Kwenye Soya za Baba

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia jikoni kwanza. Aliosha mikono, akachemsha soya mbichi, akazimenya kutoka kwenye maganda yake ya kijani, kisha akazimwaga kwenye trei na kuitia ndani ya oveni. Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Katika chumba cha mbele baba yake, fundi cherehani, alikaa akiitazama mashine yake iliyofunikwa kitambaa. Kiharusi kilichotokana na presha kilikuwa kimeuacha mkono wake wa kushoto bila nguvu. Daktari alimkataza karanga za chumvi, zile alizozoea kuzitafuna tangu asubuhi mpaka jioni huku akishona. Alisema presha isiposhuka, kiharusi cha pili huenda kikamwondoa kabisa. Mama alikwisha kufariki, na nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Chiriku alimwogopea baba yake hata akiwa darasani.

Wazo la soya zilizookwa bila chumvi, badala ya karanga, lilitoka kwa shangazi yake, muuguzi, aliyekuja kila Jumamosi na mashine ya kupimia presha. Siku ya kwanza baba alitafuna punje mbili, akasukuma bakuli.

"Mwanangu, hizi ni laini kama sabuni iliyoloa."

Siku ya pili hakuonja hata moja. "Bora nife nikitafuna kitu cha maana," alisema, na hakuwa anatania.

Maneno hayo yalimkata maini Chiriku. Siku ya tatu alifungua kopo la chumvi. Kidogo tu, alijiambia, ilimradi ale. Baba alionja, akamtazama, kisha akamaliza bakuli zima. Kufikia mwisho wa wiki, ile kidogo ilikuwa imekuwa vijiko viwili.

Jumamosi presha ilikuwa imepanda. Jumamosi iliyofuata ikapanda zaidi.

"Dawa anakunywa, karanga ameacha," shangazi alisema huku akikunja mashine yake. "Sielewi kabisa. Jumatatu tunarudi kwa daktari amwongezee dawa. Isiposhuka na hapo, sijui tena la kufanya." Akamgeukia mtoto. "Na wewe Chiriku, leo umemeza ulimi?"

Chiriku alitaka kukimbilia nje. Badala yake aliangua kilio.

"Ni mimi, shangazi! Ninatia chumvi kwenye soya. Wiki mbili sasa. Ninamuua baba!"

Alingoja kukemewa. Baba aliinamisha kichwa.

"Nilijua," alisema polepole. "Niliisikia ile chumvi tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu nilikwisha kukata tamaa."

"Ulijua, baba?" Chiriku aliumia kuliko kama angechapwa. "Ukaniacha niendelee?"

"Haya ni makubwa!" shangazi alifoka, mikono kiunoni. "Mtoto anaficha, baba anaficha, na mimi hapa nahangaika na mashine kama mjinga! Hebu, Chiriku, nioneshe unavyozipika."

Jikoni alikuta soya zimerundikwa kwenye trei, zinachuruzika maji. Akatikisa kichwa.

"Hizi huzioki, unazichemsha mara ya pili. Zitakaukaje?"

Walizitandaza juu ya kitambaa safi, wakazifuta, wakaziacha zipigwe na upepo mpaka zisiloweshe kidole. Wakazichanganya na kijiko cha mafuta, unga wa kitunguu saumu na pilipili, wakazipanga punje isilale juu ya nyingine. Oveni ilikuwa ya moto sana. Katikati ya kuoka wakazigeuza, kisha wakangoja mpaka zikawa kavu kau.

Baba alitia moja mdomoni, ikavunjika kwa mlio. Akachukua nyingine, na nyingine.

Daktari aliambiwa kila kitu. Hakuongeza dawa. Baada ya wiki tatu presha ilikuwa imeshuka, ingawa si sana. Mkono wa baba haukupona, na daktari hakuahidi kwamba ungepona. Mashine ya kushonea ilibaki chini ya kitambaa chake.

"Ungenificha wiki nyingine moja, tungekuwa makaburini," shangazi alimwambia Chiriku. "Ulimwonea baba yako huruma, najua. Lakini hali ya mgonjwa ikifichwa, hata anayempenda hawezi kumsaidia. Ukikosea, sema mapema. Na wewe kaka, vilevile."

"Nimesikia," baba alisema kwa aibu. Akamgeukia binti yake. "Soya za leo ziko wapi?"

Chiriku alisimama mlangoni, trei mikononi.

"Baba, nimeunguza nusu."

"Lete hivyo hivyo," alisema baba, akaunyoosha mkono wake mzima.