Kifaa Shingoni mwa Ngamia

Pikapu ya Shamis iliibwa mchana kweupe mjini Garissa, nje ya soko la maziwa, wanaume wakiwa kwenye swala ya Ijumaa. Kwa pikapu hiyo alisomba maziwa ya ngamia, na kwa maziwa hayo aliwalisha watoto wake tangu mumewe afariki.

"Niko na bima, afande," alimwambia Inspekta Diriye. "Na gari iko na kifaa cha kufuatilia. Walikataa kunikatia bima mpaka niweke."

Mawimbi yalionyesha kifaa kiko kichakani, upande wa Modogashe, kinasogea polepole. Diriye akaenda na askari wawili, bunduki tayari. Walimkuta ngamia jike akitafuna majani ya mgunga, hana habari na serikali. Kifaa kilikuwa kimefungwa shingoni mwake.

Askari mmoja aliangua kicheko. Diriye hakucheka, kwa maana sharti la bima alilijua: kifaa kiwe garini na kiwe kinafanya kazi. Bila hivyo, gari likiibwa hakuna fidia. Aliwafikiria wale watoto, moyo ukamwuma.

Alimkagua ngamia. Alama ya chuma cha moto pajani ilikuwa ya ukoo wa Shamis mwenyewe. Kifaa kiliunganishwa na betri ndogo, nyaya zimelehemewa vizuri. Hiyo haikuwa kazi ya mchungaji.

Jioni hiyo akamkalisha kituoni Keynan, mdogo wake Shamis, ambaye pia ndiye dereva wake.

"Nani alikitoa kifaa garini?"

Keynan alitazama mlango.

"Keynan, yule ngamia ana alama ya baba yako."

"Ni mimi, afande. Lakini walaahi sikuiba! Kiangazi imemaliza mifugo. Huyo ndiye anaongoza wengine. Akipotea, wote wamepotea. Nikasema, gari iko na mimi dereva, ngamia iko na nani? Nilikuwa namwangalia kwa simu."

"Dada yako alijua?"

"Hapana."

"Nani alikulehemea nyaya?"

"Hamse, fundi ya umeme ya magari. Yeye tu ndiye anajua."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Hamse ilikuwa fupi zaidi.

"Ijumaa, wakati wa swala, ulikuwa wapi?" Diriye alimwuliza.

"Msikitini, afande."

"Bega la nani liligusana na lako?"

Hamse alijua amenaswa. Safu hujaa bega kwa bega, na kila mtu angeulizwa.

"Gari liko wapi?"

"Niliwapa watu wa Elwak. Saa hii imeshafunguliwa vipande vipande."

"Shamis alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Aliinua uso. "Gari yangu pia iliibwa. Kengele ya wizi ilikuwa imeharibika, sijaitengeneza. Bima wakasema sharti ni sharti, hawalipi. Mimi, fundi wa kengele! Mji mzima ulinicheka. Keynan alipoleta kile kifaa, nikaona gari ambayo hakuna atakayeipata. Nikasema, wacha na mwingine aonje."

Alipomaliza kuungama alifungwa pingu. Ilibaki taarifa ya polisi, ambayo kampuni ya bima ingeisoma kabla ya kulipa. Shamis aliitwa kituoni, na Keynan alipiga magoti mbele ya meza ya Diriye.

"Afande, andika wezi ndio waliking'oa. Hawa watoto watakula nini?"

Diriye alishika kalamu. Alitamani sana kuandika hivyo, na aliona aibu kutamani. Akamtazama Shamis, aliyekuwa amejifunika uso kwa shali.

"Andika ilivyokuwa," Shamis alisema. "Sitalisha watoto wangu uongo."

"Abaayo, nisamehe," Keynan alimsihi dadake.

"Nimekusamehe. Sasa nenda kichakani, umlete yule ngamia mnadani. Auzwe, tutafute gari ingine."

"Yule anayeongoza? Abaayo, wengine watatawanyika!"

"Huyo ndiye atapata mnunuzi. Wengine wamekonda."

Keynan alilia kwa sauti, mwanamume mzima. Shamis hakumnyamazisha. Diriye aliinamisha kichwa, akaanza kuandika.