Unga wa Mwani wa Venant

Julai 2021, mtaa wao wa ughaibuni, Merrylands, ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona. Kila asubuhi Venant alikoroga kijiko cha unga wa kijani kwenye maji, akanywa. Aliununua kwa msimamizi wa kundi lao la WhatsApp.

"Ni mwani uliotengenezwa maabara," alimwambia mkewe, Fébronie. "Unanasa virusi."

Fébronie hakuuamini unga huo. Hakumwamini pia jirani yao Chebet, Mkenya aliyefanya kazi kwenye maabara ya mwani. Kundini walisema watafiti wanaficha dawa.

Siku moja Venant alitema damu akipiga mswaki. Kesho yake damu ilivilia mkononi mwake, doa kubwa kama kiganja. Fébronie alichukua kopo la unga, akavaa barakoa, akagonga kwa Chebet.

"Dada Chebet, unga huu mmeutengeneza ninyi?"

"Hapana, mama. Sisi hatuuzi kitu."

"Lakini mwani mnaufanyia kazi."

"Ndiyo. Mwani una sukari ndefu kama mnyororo. Tunaupachikia chembe za kemikali iitwayo salfeti ili unase virusi vizuri zaidi."

"Kumbe dawa ipo, na mnaificha."

"Inanasa kwenye kisahani cha maabara. Mwilini hatujui. Hakuna mtu tuliyempa. Halafu sukari za namna hiyo zinaweza kuzuia damu isigande."

Mwaka uliopita damu iliganda kwenye mguu wa Venant, na tangu hapo alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Fébronie alimweleza Chebet hayo, pamoja na habari ya fizi na doa.

"Mpigie daktari wake sasa hivi," Chebet alisema. "Mtajie na unga. Venant asiunywe tena, na dawa yake asiiache mpaka daktari aseme."

"Na wewe unapata nini ukinisaidia?"

"Sipati kitu. Ukuta wetu ni mmoja, mama. Nawasikia mkisali."

Daktari aliwaambia waende hospitali mara moja. Damu ya Venant ilipimwa, ikakutwa nyepesi mno. Alilazwa siku mbili, dawa yake ikarekebishwa.

"Ni unga?" Fébronie aliuliza.

"Inawezekana," daktari alijibu. "Kopo halisemi kuna nini ndani."

Venant aliporudi, aliumwaga unga mwenyewe. Wiki iliyofuata walikwenda kuchanjwa. Fébronie alimuuliza muuguzi maswali mengi: chanjo ina nini, imejaribiwa kwa watu wangapi, itagombana na dawa ya mume wangu? Muuguzi alijibu moja moja. Asilolijua alisema halijui, akaenda kumuuliza daktari. Hapo ndipo Fébronie alipokunja mkono wa nguo.

Nyumbani aliandika kundini: "Unga wa mwani una nini? Nani ameupima? Mume wangu ametoka hospitali."

Muuzaji akamtoa kundini bila kujibu. Lakini kabla ya saa sita mchana wanawake watatu walikuwa wamempigia simu. Waume zao walikuwa wakiunywa pia, nao walitaka kujua wamwambie nini daktari.